Ada Imelipwa, Godoro Limenunuliwa, Mtoto Je?

Ukitaka kuona jinsi tunavyowapeleka watoto wetu chuo kikuu, usingoje mwezi wa kumi vyuo vifunguliwe. Nenda steshenari mwezi wa nane.

Mimi naishi Morogoro, na steshenari ninayoijua zaidi haiko mbali na stendi ya Msamvu: mashine ya fotokopi mlangoni, benchi la mbao, kijana mmoja mbele ya kompyuta na foleni ya wazazi nyuma yake. Siku moja nilikaa pale karibu saa nzima nikisubiri kutoa kopi, nikawa nasikiliza. Kijana anauliza, "Jina la mama mzazi?" Baba anajibu. "Alimaliza shule gani?" Baba anajibu. "Kozi ya kwanza?" Baba anajibu, tena kwa sauti. "Ya pili?" Baba anafikiri kidogo, anajibu. "Barua pepe?" Kimya. Kijana anaifungua papo hapo, anabuni paswadi, anaiandika nyuma ya bahasha. "Namba ya simu?" Baba anasema, "Weka yako tu, yangu inasumbua."

Mwombaji mwenyewe, binti wa miaka kama kumi na tisa, alikuwa amekaa mwisho wa benchi na matokeo yake mazuri ya PCB, yaani fizikia, kemia na baiolojia. Kwa muda wote ule nilimsikia akitaja kitu kimoja tu, tarehe yake ya kuzaliwa, na hata hiyo baba alikuwa ameshaianza.

Nilitamani kucheka, nikashindwa. Baba yule nilishakuwa mimi.

Tangu mwaka 2017 Tume ya Vyuo Vikuu, TCU, iliachana na mfumo mmoja wa maombi kwa nchi nzima, na sasa kila mwombaji anaomba moja kwa moja kwenye chuo anachokitaka. Ukichaguliwa na zaidi ya kimoja, unatakiwa kuthibitisha chuo kimoja kwa namba maalumu inayotumwa kwenye simu uliyoijaza wakati wa kuomba, na ndani ya siku zilizotajwa. Mpwa wangu wa Kilosa alichaguliwa vyuo vitatu. Namba ilitumwa, ikafika, ila ilifika kwenye simu ya kijana wa steshenari, na kijana alikuwa msibani kwao, simu imezimwa. Dada yangu alizunguka siku mbili akimtafuta mtu asiyemjua hata jina la pili. Walimpata siku ya mwisho, jioni. Namba ilikuwamo, katikati ya jumbe nyingine kama hiyo za watoto wa watu wengine.

Tunaposema tunamwandaa mtoto kwenda chuo, mara nyingi tunamaanisha manunuzi. Godoro, ndoo mbili, mashuka, pasi, viatu vya heshima, na lile jiko la koili ambalo hosteli nyingi zinalikataza na kila mama analinunua. Vyote vinahitajika, sibishi. Lakini mtoto anayefika chuoni na kila kitu kasoro uzoefu wa kuamua jambo lolote peke yake hajaandaliwa, amefungashwa. Na kwa jinsi shule zetu zilivyo, asipojifunza kuamua kati ya mwezi wa tano anapomaliza mtihani na mwezi wa kumi anapoondoka, hatapata nafasi nyingine kabla mambo hayajaanza kuhesabiwa kwenye GPA, wastani wa alama zake za chuo.

Tazama anakotoka. Mtoto aliyesoma bweni tangu kidato cha kwanza amepigiwa kengele kwa miaka sita. Kengele ya kuamka, ya mchakamchaka, ya uji, ya prepo, ya kuzima taa. Simu ni marufuku. Pesa ya matumizi iko kwa matroni au kwa mwalimu wa zamu, na ikitoka inatoka elfu mbili mbili. Akiumwa, kuna mtu wa kumwandikia ruhusa. Akichelewa darasani, kuna mtu wa kumngoja mlangoni. Wazazi tunaupenda utaratibu huu na tunaulipia pesa nyingi, tukiamini kwamba mtoto anarudi nyumbani na nidhamu. Sehemu kubwa ya nidhamu hiyo inabaki pale shuleni, pamoja na kengele.

Kisha anaingia chuo. Somo moja linaweza kuwa na wanafunzi mia tatu kwenye ukumbi mmoja, na mhadhiri hajui nani yupo na nani hayupo. Kipindi ni saa mbili hadi saa nne asubuhi, kingine saa kumi jioni, na katikati kuna saa sita ambazo hakuna mtu duniani atakayemuuliza alizitumiaje. Vyuo vingi vinahesabu koswek, yaani majaribio na kazi za muhula, alama 40 na mtihani wa mwisho 60, maana yake majaribio anayoyapuuza wiki ya tano yanamfuata hadi wiki ya mwisho. Madesa ya mwaka jana, noti za waliotangulia, yanazunguka kwenye makundi ya simu, yakimshawishi kwamba kuhudhuria si lazima. Anayeamka saa tano haitwi ofisini. Anagundua mwenyewe, matokeo yakitoka.

Kijana wangu wa kwanza aliingia chuo kimoja cha Dar es Salaam mwaka 2017. Maombi yote niliyafanya mimi. Fomu ya mkopo nilijaza mimi, nikagonga mihuri mimi, na paswadi yake niliijua kuliko yeye. Chumba nilikwenda kumtafutia mimi, nikalipa kodi ya miezi sita kama wenye nyumba wanavyodai, nikamwachia godoro la inchi sita na wosia mrefu juu ya marafiki wabaya. Niliporudi Morogoro nilijisikia nimemaliza kazi.

Wakati ule fedha ya kujikimu, ambayo wanafunzi wanaiita bumu, ilikuwa Sh 8,500 kwa siku, ikitolewa kwa siku 60 kwa mpigo. Yaani Sh 510,000. Kijana ambaye hajawahi kushika zaidi ya elfu ishirini kwa wakati mmoja aliamka siku moja na laki tano na kumi. Alinunua simu ya laki tatu na ishirini siku hiyohiyo. Iliyobaki ilikwisha ndani ya wiki tatu, na hata leo hawezi kusema iliishia wapi, kwa sababu pesa ya namna hiyo haiishii mahali pamoja. Akaanza kukopa kwa mwenzake wa chumbani. Akaanza kukosa vipindi vya asubuhi kwa kuwa hakuwa na nauli, akaona aibu kumweleza mtu kwamba ni nauli. Akakosa jaribio moja, kisha jingine. Mwisho wa mwaka alikuwa na sapu tano, yaani mitihani ya kurudia, na baada ya sapu akadisco, chuo kikamwondoa.

Haya yote sikuyajua. Oktoba 2018, wenzake walipokuwa wakirudi mwaka wa pili, alifunga begi kama wao, akaniaga, nikampa nauli na ya kuanzia. Alikuwa anarudi kwenye chuo ambacho kilishamwondoa. Alikaa kwa rafiki yake wiki mbili, akashindwa kuendelea kudanganya, akampigia simu shangazi yake. Sio mimi. Shangazi yake ndiye aliyekuja kunieleza, kwa kuzunguka kwanza kwenye hali ya hewa na bei ya mchele.

Kijana yuko salama, alianza upya na stashahada, leo ana kazi yake. Nimewahi kumuuliza kwa nini hakusema mapema. Alijibu bila hasira: "Baba, mambo yote ulikuwa unayafanya wewe. Hili lilikuwa la kwanza kuwa langu, nikaona nimeliharibu."

Tangu siku hiyo nimekuwa nikiangalia wazazi wenzangu kwa jicho jingine, na naona tunakosea mahali palepale. Tunaanza na karatasi, na karatasi ndizo tungemwachia yeye.

Chukua maombi ya mkopo. Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2004, inapokea maombi kwa mtandao, lakini usidhani ni kubonyeza tu. Cheti cha kuzaliwa lazima kihakikiwe RITA, wakala wa serikali wa usajili wa vizazi na vifo, au kwa wakala wa matukio ya kijamii kwa aliyezaliwa Zanzibar. Kama mzazi mmoja amefariki, cheti cha kifo nacho kihakikiwe. Kuna mdhamini na kitambulisho chake. Fomu inachapwa, inasainiwa na mwombaji na mdhamini, inapelekwa serikali ya mtaa kwa muhuri, inapelekwa kwa wakili au hakimu, kisha inarudi kwenye kompyuta kurasa zenye saini zikiwa zimeskaniwa. Ukurasa mmoja ukikosa saini, maombi yana dosari na yanasubiri kurekebishwa. Jina likiwa Rajabu kwenye cheti cha kuzaliwa na Rajab kwenye cheti cha kidato cha nne, unaweza kujikuta unatafuta hati ya kiapo wakati siku zinahesabika.

Ni usumbufu. Pia ni mafunzo ya bure ya mambo yatakayomkuta chuoni kila muhula: kufuatilia, kusoma maelekezo mpaka mwisho, kurudi ofisini mara ya pili bila kukata tamaa, kutunza kopi. Mtoto aliyehangaika RITA mwezi wa saba hatababaika kwenye foleni ya usajili mwezi wa kumi. Mtoto aliyejazwa kila kitu ataiona ile foleni na kukupigia simu kuuliza aanzie wapi, na wewe uko kilomita mia mbili huna unalojua. Kaa naye mezani, msome mwongozo pamoja, mwelekeze mwenyekiti wa mtaa anakaa wapi. Miguu iwe yake. Barua pepe iwe yake, namba ya simu iwe yake, paswadi iwe kichwani mwake.

Kuna wasiopata nafasi hiyo kwa sababu ya JKT, Jeshi la Kujenga Taifa. Tangu mafunzo ya mujibu wa sheria yarejeshwe mwaka 2013, wahitimu wengi wa kidato cha sita wanakuwa makambini kwa takribani miezi mitatu, na matokeo na maombi yote yanatokea wakiwa huko. Wenye kijana kambini hawana la kufanya ila kumsaidia zaidi. Hata hapo, akipata simu muulize kwanza, jaza baadaye. Na JKT yenyewe, kwa mema yake yote, ni kengele nyingine.

Suala la kozi nitalipita haraka kwa sababu limesemwa sana. Sifa ya chini ya jumla kwa shahada ya kwanza ni principo pasi mbili, yaani ufaulu kamili wa masomo mawili ya kidato cha sita, zenye jumla ya pointi nne, na kila kozi ina masharti yake zaidi ya hapo. Yote yamo kwenye mwongozo ambao TCU huutoa kila mwaka, bure. Msome na mtoto. Mzazi aliyetaka kuwa daktari mwaka 1994 akakosa, amwachie mwanawe PCB yake.

Kwenye pesa nitakaa.

Kuanzia mwaka wa masomo 2022/23 fedha ya kujikimu ilipanda hadi Sh 10,000 kwa siku. Kwa siku 60 ni Sh 600,000, ya kula na kulala. Ukiigawa vizuri inatosha maisha ya mwanafunzi, na kwa anayelala hosteli ya chuo inatosha zaidi kuliko kwa aliyepanga mtaani. Tatizo ni kwamba haiji elfu kumi kumi. Inakuja kama mavuno, na kijana asiyewahi kulima anadhani mavuno hayaishi.

Kwa binti yangu, aliyemaliza kidato cha sita mwaka 2024, nilijaribu kitu ambacho mama yake alikiita wendawazimu. Nilimkabidhi pesa ya jikoni ya mwezi mzima, laki tatu, siku ya kwanza ya mwezi wa saba. Watu sita, pamoja na bibi yake. Nikasema sitaongeza. Wiki ya kwanza tulikula kama tuna harusi: nyama mara tatu, juisi ya maembe ya dukani, mchele ananunua kilo moja moja kila siku badala ya kuchukua wa mwezi kwa pamoja. Siku ya 19 mtungi wa gesi uliisha, na gesi haikuwamo kabisa kwenye hesabu zake. Aliniangalia, nikaangalia taarifa ya habari. Siku ya 22 alibaki na elfu kumi na moja. Siku tisa zilizobaki tulikula matembele, dagaa na ugali, asubuhi chai ya rangi. Hakuna aliyelalamika isipokuwa bibi yake, ambaye alilalamika kwa niaba ya wote.

Mwezi wa nane aliomba apewe tena. Safari hii alianza na gesi.

Simwambii kila mzazi afanye hivyo. Wengine hawana laki tatu ya kuchezea, na kwao mtoto ameshajua bei ya kila kitu tangu darasa la nne. Watoto hao, niseme ukweli, wanafika chuo wakiwa wameandaliwa kuliko wa kwetu sisi wenye mishahara. Kinachowakwaza wao ni kingine.

Kuna wazazi wanaongoja bumu la mtoto kama wanavyongoja mazao. Simu inapigwa siku ileile: mdogo wako hana sare, bibi anaumwa, bati limetoboka. Naelewa shida, nimetoka nyumba ya namna hiyo. Lakini tuite kitu kwa jina lake. Ile ni pesa ya mkopo, na mkopaji ni mtoto. Tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2016, akiajiriwa anakatwa asilimia 15 ya mshahara wake wa msingi kila mwezi hadi deni liishe. Zamani ilikuwa asilimia 8. Nafuu iliyokuja mwaka 2021 ni kuondolewa kwa ile tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani iliyokuwa ikilinenepesha deni kila mwaka. Elfu hamsini unayomwomba leo atailipa yeye akiwa na miaka thelathini, na pengine ana mtoto wake anayehitaji sare. Akiamua kukusaidia, ni baraka. Ila mwache aamue, na kabla hajaondoka mwambie wazi kwamba akisema "mama, sina" hutamnunia.

Halafu kuna zile wiki za mwanzo ambazo hakuna anayezipangia. Majina ya waliopata mkopo hutoka kwa awamu, na wapo wanaosafiri kwenda chuo bila kujua wamepangiwa kiasi gani, au kama wamepangiwa. Hata aliyepata, fedha inakuja baada ya kusajiliwa chuoni na kukamilisha utaratibu wa kusaini. Katikati hapo anakula. Kama familia ina laki nne na zote zikaishia kwenye godoro, begi jipya na simu, mtoto ataanza chuo kwa kukopa. Bora aende na begi la zamani la mjomba na laki mbili mkononi. Na yale mazungumzo ya "tukikosa mkopo, nyumba hii inaweza kutoa kiasi gani?" yafanyike mwezi wa nane, mezani, kwa tarakimu. Kijana wa miaka kumi na tisa anaweza kuujua mshahara wa baba yake bila dunia kuanguka. Asichoweza ni kupanga maisha kwa pesa asiyoijua.

Akikwama, wa kumkopesha wapo tele, na wako mfukoni mwake. Programu za mikopo ya simu zinatoa elfu thelathini ndani ya dakika tatu, na siku ya kulipa zinawapigia watu wote walio kwenye orodha yake ya namba, mchungaji na mwalimu wake wa zamani wakiwamo. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitoa orodha ya majukwaa 69 ya mikopo ya kidijitali yanayofanya kazi bila leseni. Kausha damu, yule mkopeshaji wa riba kubwa, ameacha kukaa sokoni, amehamia kwenye simu. Upande wa vijana wa kiume kuna mkeka nao, yaani kubeti: bumu likitoka Ijumaa, mpira uko Jumamosi. Mweleze haya kama unavyomweleza barabara yenye kona kali, bila mahubiri.

Kuna jambo jingine ambalo akina baba tunawaachia akina mama, na akina mama wanalisema kwa mafumbo. Rushwa ya ngono vyuoni ipo. Mwaka 2020 TAKUKURU yenyewe, taasisi ya kupambana na rushwa, ilitoa utafiti wake juu ya tatizo hilo katika vyuo vikuu vyetu viwili vikubwa. Kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007 kinasema wazi kwamba mwenye mamlaka akidai ngono ili atoe huduma au upendeleo ametenda kosa la jinai. Namba ya TAKUKURU ni 113 na haina gharama. Binti ayajue haya kabla ya kufunga begi, na kijana wa kiume pia.

Lakini sheria inamsaidia anayesema. Na hapa narudi kwa kijana wangu aliyempigia shangazi. Binti asiyeweza kumwambia baba kwamba amepata sapu, atamwambiaje kwamba mhadhiri anamtaka aje kuchukua alama zake ofisini saa mbili usiku? Mlango ni uleule. Kama tuliufunga kwa ajili ya alama, umefungwa kwa ajili ya yote. Katika maandalizi yote niliyoyataja, hili peke yake halinunuliki wala halijazwi kwenye fomu, na haliwezi kuanza wiki ya mwisho. Mtoto anajua toka zamani ukisikia jambo baya unaanza na nini: unaanza kwa kuuliza limetokeaje, au kwa kuuliza atawaambia nini watu.

Nimesikia jibu la wazazi wenzangu: "Ada nalipa mimi, lazima nijue kila kinachoendelea." Sawa. Utajuaje? Chuo hakina siku ya wazazi. Hakuna ripoti itakayotumwa kwa mkono wa mtoto ikiwa na nafasi ya saini yako. Matokeo yako kwenye akaunti yake. Ninachojua kuhusu masomo ya binti yangu ni kile anachotaka kuniambia, na hilo ndilo badiliko kubwa lililonipata mimi kama mzazi, kuliko lililompata yeye. Yeye aliingia chuo. Mimi nilitoka kazini.

Alichaguliwa Chuo Kikuu cha Dodoma. Ni chuo cha mwaka 2007, kipana hadi unahitaji usafiri kutoka koleji moja hadi nyingine, na hosteli zake ziko ndani ya eneo la chuo, jambo linalookoa kodi. Nilikuwa nimeomba ruhusa kazini siku mbili nimsindikize. Alinisikiliza, akasema, "Baba, nitakwenda na treni. Nimeshakata tiketi." Reli ya mwendokasi ilikuwa na miezi michache tu tangu ifike Dodoma, na mimi mwenyewe nilikuwa sijaipanda. Tulimsindikiza hadi stesheni ya Morogoro, begi moja, ndoo moja yenye vyombo ndani. Godoro alisema atanunua hukohuko, kwa nini alipie mzigo. Nilitaka kuingia naye hadi ndani, nikaishia pale wanapokagua tiketi.

Wiki ya tatu aliniandikia. Usajili ulikuwa umekamilika, bumu bado hawajasaini. "Nimebaki na 41,000. Nina mchele, maharage na mafuta. Usitume kitu kwanza, nikikwama nitakuambia mapema. Mwalimu wa hesabu anakimbia sana, nimejiunga na kundi la watu wanne tunasoma jioni."

Niliusoma mara mbili, nikampa mama yake simu asome. Akasoma, akanirudishia, akasema amefurahi kuona mtoto amekua. Nikaenda kuoga nikiwa na amani yangu yote.

Niliporudi alikuwa ameshamtumia elfu ishirini.